Ulimi Si Kifaa cha Kampuni

Melini, 6 Januari

Mjomba wangu,

Shikamoo. Mimi ni mzima, ila nanuka. Naanza na hilo kwa sababu ndilo jambo la kwanza ninalolijua kila nikiamka, kabla sijajua hata leo ni siku gani. Mafua yako yameishaje? Msalimie mama, mwambie soksi nazivaa, na goti lake aache kulipandisha ngazi bila sababu. Msalimie na Babu Spana, na mafundi wote wa karakana wanaokula kwako. Nakuandikia kwa karatasi kwa kuwa mtandao wa huku unauzwa kwa dakika, na wewe simu huiamini. Barua zetu anazichukua wakala tukifika bandarini. Hii ikichelewa usinitukane mimi, mtukane yeye.

Uliniagiza nikueleze jiko la meli. Mjomba, hakuna jiko.

Sikiliza. Watu elfu nne wamelipa kupanda meli yenye kumbi sita za kulia chakula, na humo kuna wapishi wa kweli. Saa nne asubuhi watu hao hao wanapanga foleni ghorofa ya kumi na moja, kando ya bwawa la kuogelea, chupi za kuogelea zinawadondoshea maji miguuni, wakisubiri kuku wa Jogoo Tai. Kuku yule yule anayeuzwa kwenye kona ya mtaa wao. Wamesafiri wiki nzima baharini kumfuata kuku waliyemwacha nyumbani. Ndiyo kazi niliyopata.

Jogoo Tai si mgahawa wa mtu, ni jina. Kampuni ina jina, ina mchoro wa jogoo aliyefunga tai shingoni, na mwenye meli amelikodi jina hilo pamoja na makorokoro yake yote: masanduku, rangi ya kuta, hata maneno ya kumwambia mteja. Kuku wanakuja wamegandishwa, wameshavalishwa unga kiwandani, vipande vimelingana kama vigae. Namwaga mfuko kwenye kikapu, nashusha kikapu kwenye mafuta, nabonyeza kitufe. Kengele ikilia, napandisha. Huko ndiko kupika kwangu, mara mia tatu kwa siku. Mafuta yanabadilishwa kwa ratiba iliyobandikwa ukutani, si kwa hali yake. Yanaweza kuwa meusi tii na kunuka matairi, lakini kama ratiba inasema Alhamisi, ni Alhamisi.

Siku ya kwanza nilimega kipande ili nionje. Msimamizi akanishika mkono. Nikamweleza kwamba nilikolelewa sahani haitoki mpaka ionjwe mara mbili, kwanza na aliyepika, halafu na mtu wa pili, na kwamba mtu wa pili nilikuwa mimi tangu nina miaka sita, ndiyo maana naitwa Kijiko. Akacheka mpaka akatafuta pa kukaa. Alipomaliza akaniambia kuonja ni wizi, nisirudie.

Basi ndiyo hivyo. Kinyaa nimekipata, lakini riziki ni riziki, nitazoea.

Mpishi wako wa baharini,
Kijiko


Jikoni, 9 Februari

Kijiko,

Marahaba. Barua yako imefika tarehe moja, ina doa la mafuta kwenye kona. Nimempa mama yako alinuse, akakunja uso mpaka nikamhurumia. Soksi ameshukuru. Goti bado analipandisha ngazi, na ukimsema anakuuliza wewe ni daktari wa wapi. Dada yako wa kwa baba mdogo amejifungua mapacha, wote wana sauti za mnadani. Mafua yaliyoniangusha Desemba yameisha kabisa, kifua kimefunguka, kwa hiyo hilo tulifunge.

Nimeisoma habari ya kuku wako nikasikia hasira hata kwa niaba ya kuku. Mtu anapika kwa kengele kama mlinzi wa shule! Na huyo aliyekushika mkono, mwambie mimi nimesema mpishi asiyeonja ni dereva aliyefumba macho.

Sasa sikia kilichonikuta. Mwenye karakana ameniita ofisini. Nikamkuta amekaa na bwana mmoja mwembamba mwenye mkoba, na juu ya mkoba kuna nani? Huyo jogoo wako. Nilidhani nimeota. Wanaitaka kantini yangu. Wanasema pale mlangoni pa karakana, barabara kuu ikipita mbele, ni mahali pa kuku wao. Yule bwana akanizungukia jikoni mwangu akigusa sufuria kwa ncha ya kalamu, kama mtu anayemgusa panya aliyekufa aone kama kweli amekufa. Nilitaka kumpiga na mwiko.

Mwenye karakana si mtu mbaya, ila ni mfanyabiashara. Akaniuliza, leo nikianguka, nani atashika mwiko? Nikamjibu mpwa wangu, mkataba wake wa miezi minane unaisha Agosti, naye anarudi. Akasema sawa, atanipa mpaka mwisho wa Juni. Wateja wangu wakibaki wangu, kantini itabaki yangu na wewe utakuja kuishika. Wakipungua, nitie saini nimpishe jogoo, na wataniajiri mimi mwenyewe nimuuze. Umeona dharau hiyo?

Jogoo aliyevaa tai, Kijiko, au ni tai aliyejifanya jogoo ili tumkaribishe uani?

Kwa hiyo Agosti nakuhesabu. Nijibu hilo.

Na jingine. Umenieleza vitufe, umenieleza kengele, hukunieleza ladha. Niandikie kuku huyo akiingia mdomoni anakuwaje, toka mwanzo hadi mwisho, usirukeruke. Nataka kumjua adui yangu.

Mjomba wako


Melini, 20 Machi

Mjomba,

Shikamoo tena. Mapacha wape pole ya kuzaliwa wakati huu. Mimi naendelea, chumba changu hakina dirisha lakini nakaa na mwanamke mwenzangu mwema, fundi wa cherehani wa meli, mama wa makamo anayeshona mapazia na sare zetu. Anakoroma, ila anaomba msamaha kabla ya kulala, sijui nimlaumu vipi.

Ladha umeitaka, haya. Vile vinavyobaki tunaletewa kantini ya mabaharia chini kabisa, ndiko ninakomla. Mwanzo ni chumvi. Halafu inakuja chumvi nyingine yenye sukari ndani yake, inakutekenya kwenye taya ili umeze haraka. Unapouma, ganda linavunjika vizuri, hapo siwasingizii, lakini chini yake nyama ni laini mno, laini ya kitu kilicholowekwa, haina nyuzi, haina mfupa unaoeleweka, unatafuna unajiuliza huyu kuku aliwahi kusimama? Pilipili manga inapita mbio. Mwisho unabaki utando juu ya ulimi, kama umelamba mshumaa, na hautoki kwa maji wala kwa mkate. Na mchuzi wa mbwa hunywewa ungali moto, Mjomba. Kuku huyu akipoa anatoa jasho. Nimemwona kwa macho yangu, ametulia sahanini, anatoa jasho.

Kisichouzwa ndani ya nusu saa, tukishatolewa chetu, kinatupwa. Kuna mashine ya kusaga mabaki, inameza mapaja mazima, mikate, viazi, aiskrimu, inatoa uji wa kijivu. Ukisimama karibu unasikia mifupa. Siku za kwanza nilikuwa nageuka pembeni kwa aibu, kana kwamba wewe unaniona.

Wiki mbili zilizopita ugonjwa wa kutapika ulipanda meli. Watu walitapika kwenye lifti, kwenye ngazi za zulia, ndani ya vyungu vya maua. Nilimwona baba mzima ameshika sanduku lake la kuku kwa mkono mmoja, akainama akatapika kwenye ua, akajifuta kwa kile kikaratasi chenye picha ya jogoo, akarudi kwenye foleni nafasi yake ile ile. Na waliokuwa nyuma yake walikuwa wamemtunzia. Tangu siku hiyo nikiona mtu anatafuna nageuza macho. Nimepungua, suruali nazifunga kwa kamba.

Mwandiko ukiwa mbaya usinicheke, shingo imekakamaa kwa kukibeba kile kichwa tangu asubuhi.

Ofisi ya meli imeniletea karatasi ya mkataba wa pili, wanataka jibu kabla ya Juni. Ipo chini ya godoro. Msalimie mama.

Kijiko


Jikoni, 18 Aprili

Kijiko,

Marahaba. Mama yako hajambo. Mapacha wamepata surua, wamepona, wamerudi kupiga kelele.

Barua yako nimeisoma mara nne. Ile sehemu ya ladha nimeikunja peke yake nimeiweka mfukoni, na jana nimeisoma wakati nakula. Usiniulize kwa nini. Umeandika vizuri, basi.

Ila umeandika na neno jingine nikasimama nalo. Umesema umebeba "kile kichwa". Kichwa gani? Mpishi hubeba sufuria, hubeba gunia, hubeba lawama. Sijawahi kusikia mpishi abebaye kichwa zaidi ya alichozaliwa nacho. Nimemuuliza Babu Spana, naye maishani mwake amebeba injini mgongoni, akasema kichwa ni kitu cha bucha. Kwenu hakuna bucha, kuku wanakuja bila vichwa. Sasa nieleze.

Na hukunijibu kuhusu Agosti. Badala yake umeniwekea karatasi chini ya godoro. Mimi si mtoto, naona mtu anapokwepa.

Hapa mambo yanakwenda, ila watu wameharibika. Sijui ni hizo soda wanazokunywa, vijana wa karakana ndimi zao hazijui tena chakula. Huyu anasema chumvi imezidi, yule anasema leo hukutia chumvi, na sufuria ni moja! Kuna mmoja amesukuma sahani yangu akaniambia nina hasira na maharage. Nilikuwa natoa sahani sitini, sasa hivi arobaini. Yule bwana wa mkoba anapita kila Ijumaa, anasimama nje kama ana miadi na mtu, anahesabu wanaoingia.

Mama wa vitunguu, msaidizi wangu, nimemwondoa. Ndiyo, yule yule, miaka saba. Alitia mwiko mdomoni akaniangalia kwa jicho la kumwangalia mgonjwa, akamwaga nusu ya mchuzi akaongeza maji bila kuniuliza. Kwangu chumvi ina mkono mmoja, na mkono ni wangu. Nimekosea? Hapana, sijakosea.

Nimekutengenezea mchanganyiko wetu wa viungo, ule wa kutia kwenye kila kitu. Nimeukaanga mwenyewe, nimeutwanga mwenyewe. Dereva wa lori la vipuri atamkabidhi wakala wa meli. Nyunyiza kwenye huo uchafu wao upate angalau siku moja ya kula. Halafu uniandikie umeuonaje. Uniandikie kwa urefu.

Mjomba wako


Melini, 22 Mei

Mjomba wangu mpenzi,

Shikamoo. Salamu nyingine zote zigawe mwenyewe, leo sina nafasi ya kuzunguka.

Kichwa ni cha jogoo. Sipiki, Mjomba. Tangu katikati ya Februari sijagusa kikapu wala kitufe. Navaa ngozi ya jogoo yenye mabawa na mkia, na kichwa kikubwa chenye mdomo wa manjano, na tai, nazunguka bwawani nikicheza ili watoto wapige picha na wazazi wao wakumbuke kwamba wana njaa. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Mimi wameniongezea na mabawa. Nilikuficha kwa sababu uliutangazia mtaa mzima kwamba Kijiko ni mpishi wa meli, na mimi niliona raha kutangazwa.

Ilikuwa hivi. Nilifungua pipa la sosi likanuka tambara bichi. Nikachovya kidole, nikaonja, nikatema kiganjani mbele ya foleni. Sikufikiri, ni mkono wenyewe ulikwenda, wewe ndiye uliyeufundisha. Halafu nikalimwaga pipa zima kwenye sinki. Msimamizi akaja na karatasi, tarehe ya mwisho ilikuwa bado miezi mitatu. Akanisomea taratibu, kisha akasema:

"Karatasi inasema ni nzuri. Ulimi wako si kifaa cha kampuni."

Sijui kama sosi ile ingemdhuru mtu. Pengine hapana. Ilikuwa mbaya, basi, na mimi nilikuwa mtu pekee pale aliyejua, na nikaadhibiwa kwa kujua.

Ngozi yenyewe wameivaa wanne kabla yangu. Haifuliwi ila kila baada ya wiki mbili, kwa sababu inachukua siku mbili kukauka na jogoo hatakiwi kukosekana. Ndani kwenye paji la uso kuna sponji. Ukikiinamisha kichwa inakamuka, na linaloshuka machoni mwako ni jasho la mtu usiyemjua. Kuna nywele zimeganda humo, nyeupe na za manjano. Wanapulizia manukato ya peremende juu ya hayo yote, kwa hiyo unavuta harufu ya pipi iliyooza kwapani. Watoto wananifutia mikono ya sosi kwenye mabawa. Mtoto mmoja alinikumbatia magotini akanitapikia, mama yake akanisukuma mimi. Juzi mwanamume alinimiminia bia mdomoni mwa jogoo huku mwenzake akimrekodi, ikanishuka mpaka kifuani, na mimi nikaendelea kucheza kwa sababu sheria inasema jogoo haongei. Nilijichukia, Mjomba. Fundi wa cherehani akanivua ile ngozi, akashona mkia, akaniwekea maji ya kuoga.

Sasa nakuja kwako.

Kifurushi kilinifikia tarehe kumi na nane. Nilikikimbiza kantini kama nimekiiba. Nikanyunyiza kwenye wali mweupe, mimi na fundi, nimeshamsimulia habari za mkono wako mpaka mate yanamtoka. Nisamehe. Nilitema. Yeye alimeza kwa adabu, akanywa maji, akaangalia meza.

Binzari imeungua. Karafuu umezitia mara tatu ya kawaida. Pilipili manga ina ukungu, na ukungu ule mtu mwenye pua asingeufungia kwenye mfuko. Nikazirudia barua zako zote. Doa langu la mafuta ulimpa mama alinuse. Ladha ya kuku uliniomba niiandike, na ukaisoma wakati unakula. Mimi nilidhani unapeleleza adui, kumbe ulikuwa unaomba kuonjeshwa. Mama wa vitunguu hakukudharau. Alionja, akaogopa.

Ni yale mafua ya Desemba, sivyo? Miezi mitano unapika gizani, na hukumwambia mtu. Mficha maradhi kilio humuumbua, hayo ni maneno yako, uliniambia nilipoficha jino bovu.

Usitie saini. Karatasi ya mkataba nimeirudisha bila kuandika kitu, meli itanishusha tarehe 11 Agosti. Mwombe mwenye karakana wiki sita tu. Mwambie ukweli ukikosa kingine. Mama wa vitunguu mfuate kwake, umwombe msamaha, aonje yeye mpaka nifike. Halafu wewe utapika na mimi nitaonja, hatutamweleza mtu na hatutaona haya. Kantini ile usimwachie jogoo, nakuomba kwa jina la bibi. Mimi nimekaa ndani yake, najua anavyonuka.

Kijiko wako


Jikoni, 15 Julai

Kijiko, mwanangu,

Marahaba. Barua yako ya Mei ilifika tarehe 1 Julai. Saini niliweka tarehe 28 Juni. Hesabu mwenyewe. Nimekaa na barua hii wiki mbili kabla ya kushika kalamu, na kila asubuhi nilikuwa namtukana wakala wako wa meli kama ulivyoniagiza.

Umesema kweli yote. Niliamka siku moja Desemba, homa imeshuka, mama yako akaniletea chai, nikaona ni maji ya moto. Nikaongeza sukari. Nikaongeza tena. Nilingoja siku tatu, nikangoja mwezi. Niliwahi kulamba chumvi yenyewe kwenye kiganja, Kijiko, nikiwa nimejifungia stoo, nikalia. Zamani nilikaanga viungo kwa pua, sasa nakaanga kwa macho, na macho hayajui binzari inaungua lini. Sikukwambia kwa sababu niliona aibu. Mpishi bila ulimi ni kichekesho, na wewe uko mbali unajivunia mkono wangu.

Nikutolee na hili la Babu Spana. Mpaka Juni sahani zilikuwa zimefika kumi na tisa. Siku moja akaja peke yake, kiti chake kile cha pembeni. Nikampakulia. Alikula yote. Alikula taratibu, hakuinua uso, akamaliza mpaka punje, na katikati alikunywa maji vikombe vitatu. Mimi nilisimama namwangalia, najua mtu akila kitamu hanywi maji namna hiyo. Alipoinuka macho yalikuwa mekundu. Nikataka kumuuliza imekuwaje leo. Akaniwahi, akaniwekea mkono begani.

"Nimekula kwako miaka kumi na tisa," akasema. "Leo usiniulize."

Baada ya hapo sikuweza tena. Mtu anajitesa kwa chakula changu kwa sababu ananipenda. Nilijionea kinyaa kuliko unavyomwonea huyo jogoo. Nikaenda ofisini, yule bwana wa mkoba alikuwepo, ana kalamu tayari, kalamu ile ile aliyogusia sufuria zangu. Nikatia saini. Msamaha kwa mama wa vitunguu nilikwenda kuomba baada ya barua yako. Amenisamehe, ila ameshapata kazi kwingine.

Sasa sikia lililobaki, na usicheke, au cheka. Walitupeleka mafunzoni siku kumi, mimi na vijana ishirini. Kikapu, kitufe, kengele. Wale vijana wanachungulia kwenye mafuta, wananusa, mmoja kamega ganda akakaripiwa. Mimi sikumega kitu. Kengele ikilia, napandisha. Siku ya mwisho nikawa wa kwanza. Mkufunzi alinisimamisha mbele ya wote akasema huyu mzee ndiye mfano, haongezi, hapunguzi, haonji. Wakanipigia makofi. Wamenifanya msimamizi, Kijiko. Kazi ya kushika watoto wa watu mikono.

Na nikwambie linalonitia kichefuchefu hasa, maana wewe hukunificha la sponji. Napumzika. Zaidi ya miezi sita sikutoa sahani bila hofu, na sasa natoa mia kwa siku na wala siangalii uso wa mlaji. Hakuna anayeweza kuniambia chumvi imezidi, maana si mkono wangu, ni wa kiwanda. Sufuria zangu wamezitoa nje, zimekaa uani zinapata mvua, na mimi nalala usingizi mzuri. Nauchukia usingizi huo, lakini naulala.

Nasikia kwamba wewe ulimi wako uko salama. Basi ukishuka usinijie kazini. Sitaki unione na ile kofia, na usije ukaniomba nikutafutie nafasi, kwa sababu nitakukatalia na mama yako atanuna.

Njoo nyumbani Jumapili. Huwa napika Jumapili, kwa macho hivyo hivyo, kwenye jiko la mama yako. Alijua tangu ile chai, huyu dada yangu, na tangu siku hiyo kila nikimpakulia anasema tamu. Nikiunguza, tamu. Nikisahau chumvi, tamu. Amenichosha. Hakuna mtu katika nyumba hii anayenionea kinyaa, na mimi sijui tena ninapokosea.

Kaa mezani, nikupakulie wewe kwanza. Kikiwa cha kutema, tema mbele yangu.

Mjomba wako